Paisley, Mji Uliojengwa kwa Uzi: Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita tulichapisha picha ya Ukumbi wa Mji wa Paisley, huko Uskoti, pamoja na maelezo mafupi: kwamba ulifunguliwa mwaka 1882 na kwamba fedha za kuujenga zilitoka kwa familia ya Clark, watengenezaji wa uzi wa kushonea. Barua zilizotufikia nyingi ni za watu wa kazi: mafundi cherehani, waashi, walimu. Tumechagua saba.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani, Mwanza. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisifu "uzi wa nyuzi sita" kutoka Ulaya. Ni kweli uzi mmoja una nyuzi sita ndani? Na kwa nini uzi mwingine unafumuka na kukatika cherehani inapokimbia?

Ni kweli, fundi. Uzi wa pamba uliotumika kabla ya cherehani kuenea ulikuwa wa nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja mara moja. Kwa mkono ulitosha. Cherehani zilipoingia sokoni miaka ya 1850, uzi huo ulionekana mkavu na usio na unene mmoja. Ulikwama kwenye tundu la sindano na kukatika. Jibu lilikuwa kusokota mara mbili. Kwanza nyuzi mbili nyembamba zinasokotwa kuwa moja, kisha nyuzi tatu za namna hiyo zinasokotwa tena pamoja, safari hii kwa upande ulio kinyume na wa kwanza. Misokoto miwili inapingana, hivyo uzi unatulia, haujikunji, na ukiukata na kuutazama kichwani ni wa duara. George A. Clark, mtoto wa ukoo wa Paisley aliyehamia Newark, New Jersey, ndiye aliyeufanya uzi wa aina hiyo ujulikane Marekani katika miaka ya 1860.

Kazi ya kiwandani ilikwenda hivi. Robota la pamba lilifunguliwa na kupigwa ili takataka na mbegu zitoke. Pamba ikachanwa kwenye magurudumu yenye meno ya waya mpaka ikawa utando mwepesi, utando ukakusanywa kuwa mkanda laini usio na msokoto. Kwa uzi wa kushonea haikutosha kuishia hapo. Mkanda ulichanwa tena kwa vitana kuondoa nyuzinyuzi fupi, kwa sababu hizo ndizo zinazochomoza nje na kuufanya uzi uwe na manyoya. Kisha mikanda kadhaa, mara nyingi sita, ilivutwa kwa pamoja mpaka ikawa na unene wa mmoja. Penye unene hapa panakutana na penye wembamba pale, na uzi unakuja sawasawa. Ndipo ukasokotwa.

Baada ya kusokotwa, uzi ulipitishwa juu ya ndimi za moto wa gesi kwa kasi kubwa ili manyoya yaliyobaki yaungue. Hapa ndipo penye hatari: uzi ukisimama kidogo tu juu ya moto, unakatika au unapata doa la kahawia ambalo rangi haitalificha. Kisha ulipaushwa au kutiwa rangi, na baadhi ulilowekwa kwenye magadi makali ya sodiamu. John Mercer aligundua mwaka 1844 kwamba magadi hayo huvimbisha pamba na kuifanya inywe rangi vizuri, lakini uzi ulikuwa unasinyaa. Mwaka 1890 Horace Lowe akaonyesha kwamba ukiuvuta ukiwa ndani ya magadi hausinyai, na zaidi ya hapo unang'aa. Uzi uliohitaji ugumu, kama wa viatu na vitufe, ulipakwa wanga na nta na kusuguliwa kwa brashi mpaka ukawa laini.

Sasa kuhusu uzi wako unaofumuka. Shika kipande chake wima mbele ya macho, mahali penye mwanga, utazame mistari ya msokoto. Ikipanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, kama mstari wa katikati wa herufi Z, uzi huo ni wa cherehani ya kawaida. Ikielekea upande wa pili, kama katikati ya herufi S, cherehani itaufumua kila mshono unapofungwa, kwa sababu ndoana ya chini inapouzungusha uzi inakwenda kinyume na msokoto wake. Utaona uzi unatanuka karibu na sindano, unachanika nyuzi moja moja, halafu unakatika. Kukaza au kulegeza skrubu hakutasaidia. Badilisha uzi.

Msokoto ukiwa sahihi na bado unakatika, angalia sindano. Uzi wa poliesta wa namba 120 unataka sindano ya 80 au 90. Namba 75, ambao ni mnene zaidi, unataka 90 au 100. Namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba: gawa 3,000 kwa namba ya uzi wa poliesta, utapata takriban uzito wa mita 1,000 kwa gramu. Kwa hiyo namba 120 ni kama gramu 25, na namba 75 ni gramu 40. Sindano nyembamba kuliko uzi inausugua tunduni mpaka unachakaa, na kwa poliesta, sindano ikipata moto kwa kasi, uzi unayeyuka. Uzi wa pamba wa zamani uliokaa dirishani juani miaka mingi usiutumie kwa nguo ya mteja hata kama unaonekana mzima. Vuta kipande cha urefu wa mkono. Ukikatika bila kukupinga, umekwisha.

Habari za kazi, Mhariri. Nimesikia kwamba ile nakshi ya korosho kwenye kanga zetu ni ya Paisley. Mimi ni mkazi wa Mombasa na nakusanya kanga za zamani. Je, ni kweli ilitoka Uskoti?

Hapana, dada, na wenyeji wa Paisley wenyewe hawadai hivyo. Nakshi hiyo ni ya Uajemi na Kashmir. Mashali ya Kashmir yalipelekwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, yakawa ghali mno, na wafumaji wa miji kadhaa wakaanza kuyaiga. Paisley ilianza kuyafuma yapata 1805, ikayafuma kwa wingi na kwa ubora kiasi kwamba Waingereza wakaipa nakshi yenyewe jina la mji. Kwa pwani yetu, India iko jirani zaidi kuliko Uskoti, na vitambaa vya India vilikuwa vikishushwa Mombasa na Unguja kabla shali la kwanza la Paisley halijafumwa. Tusiwape sifa isiyo yao.

Tofauti ya kazi nayo ni kubwa. Kanga huchapwa: mji, pindo na jina vyote hutiwa kwa rangi juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Shali la Paisley lilifumwa nakshi yake ndani kwa ndani. Kila rangi ilikuwa na mshindio wake, yaani uzi unaopita upande kwa upande, unaoonekana upande wa mbele pale tu inapohitajika na kuelea nyuma sehemu nyingine zote. Awali mfumaji alikaa kwenye kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, na mtoto akavuta kamba pembeni kuinua nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zinazotakiwa. Baadaye ikaja mashine ya Jacquard, ambayo kadi zake zenye matundu ziliamua uzi upi unyanyuke. Kadi moja ikiwekwa mahali pasipo pake, kosa linajirudia kwenye kila korosho mpaka mwisho wa shali.

Ukipata nafasi ya kushika shali la namna hiyo, ligeuze. Nyuma utaona rangi zimeelea. Kinachozishikilia zisichomoke ni uzi mwembamba wa pamba unaopitishwa kati ya mishindio ya rangi, na kwa mbele hauonekani kabisa. Waskoti wa Paisley waliuita sma' shot. Wenye biashara walikataa kuulipia kwa hoja kwamba hauonekani, ingawa bila huo shali lingefumuka, na mfumaji akalazimika kuununua kwa fedha yake. Mgogoro ulichukua miaka. Wafumaji walikusanyana kwa mlio wa ngoma ya mtaa wa Charleston na kuandamana, na mwaka 1856 wenye biashara wakakubali kulipa. Mpaka leo Jumamosi ya kwanza ya Julai mji unaandamana kwa ngoma na kuchoma sanamu ya tajiri aliyewanyima wafumaji haki yao. Ni moja ya sikukuu chache tunazozijua zinazoadhimisha hesabu ya malipo ya kazi, na inastahili.

Biashara ya mashali ilikufa kuanzia miaka ya 1870. Mitindo ya magauni ilibadilika, shali pana likakosa mahali pa kukaa, na vitambaa vya kuchapwa vilivyoiga nakshi hiyo viliuzwa kwa bei ndogo mno.

Mhariri, nasoma uhandisi wa ujenzi, Morogoro. Viwanda vya uzi vya Paisley, vya ghorofa tano, vilibebaje mashine nzito zinazotetema mchana kutwa? Na moto je, na pamba ilivyo rahisi kuwaka?

Hofu ya moto ndiyo iliyoamua umbo la majengo yale. Vumbi la pamba hupaa na kutua kila mahali. Mashine hudondosha mafuta, na sakafu ya mbao ikinywa mafuta kwa miaka ishirini, cheche moja inatosha. Kwa hiyo wahandisi waliacha mbao. Nguzo ni za chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, tupu ndani, na nguzo ya ghorofa ya juu inakaa moja kwa moja juu ya nguzo ya chini, ili uzito ushuke hadi msingini bila kuiponda boriti. Boriti ni za chuma. Kati ya boriti na boriti kuna tao fupi la matofali, na juu yake kifusi au zege, kisha sakafu. Ngazi ziliwekwa kwenye minara ya pembeni, nje ya vyumba vya kazi, ili moto usipate njia ya kupandia. Na juu ya mnara mmoja kukawa na tangi la maji la kulisha mabomba ya kuzimia moto, maji yakishuka kwa uzito wake bila pampu.

Udhaifu wake ujue pia. Chuma cha kusubu kina nguvu kikikandamizwa, lakini kikivutwa au kupindwa kinakatika ghafla bila kuonya. Kikiwa kimepata moto mkali kisha kikamwagiwa maji baridi, kinapasuka. Matao nayo husukuma pembeni, na kinachoyazuia ni vyuma vyembamba vya kufungia vinavyounganisha boriti. Wakarabati wasiojua wamewahi kuvikata ili wapitishe mabomba. Tao la mwisho likikosa wa kulishika linafunguka, na mengine yanalifuata. Ukiingia jengo la namna hii kwa ukaguzi, hesabu vyuma hivyo kabla ya jambo lingine lolote, halafu tazama matofali ya katikati ya tao kama yameshuka.

Utaratibu huu hauko mbali na kwetu. Jumba la Maajabu la Zanzibar, lililojengwa 1883, mwaka mmoja baada ya ukumbi wa Paisley kufunguliwa, baraza zake zilisimama juu ya nguzo za chuma cha kusubu. Sehemu ya jumba hilo ilianguka Desemba 2020.

Pale Paisley majengo mawili makubwa ya Anchor Mills, viwanda vya akina Clark, yamebaki. La kumalizia uzi ni la 1886, na tangu 2005 lina makazi na ofisi. Katikati yake kuna uwazi unaopanda hadi paa, kwa sababu jengo ni pana na mwanga wa madirisha ya pembeni haufiki ndani. La pili ni Mile End Mill, lililokamilika 1900, lenye biashara ndogo ndogo. Upande wa Ferguslie, kiwanda kikuu cha familia ya Coats, watengenezaji wengine wakubwa wa uzi, kilibomolewa mapema miaka ya 1990, na wengi wanakitaja kuwa hasara kubwa kuliko zote katika majengo ya viwanda ya Uskoti. Nasi tunaona hivyo.

Assalaam aleikum. Mimi ni mwashi, Lamu. Picha yenu inaonyesha mawe ya ukumbi yamejazwa upya katikati. Walitumia saruji au chokaa? Huku kwetu nyumba za mawe ya matumbawe zinajazwa saruji na baada ya miaka michache jiwe linaliwa.

Waaleikum salaam, fundi. Ulichokiona Lamu ndicho kilichoonekana Uskoti nzima katika karne ya 20, na sababu ni ileile. Jiwe la mchanga la Uskoti, sawa na tumbawe, linanywa maji na kuyatoa. Ukuta wa zamani ulipumulia kwenye viungo vya chokaa, kwa kuwa chokaa ni laini na ina matundu mengi kuliko jiwe. Ukijaza saruji, kiungo kinakuwa kigumu kuliko jiwe na maji hayapiti tena. Yanatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Kule kwao maji hayo yanaganda wakati wa baridi na kuibandua ngozi ya jiwe. Kwenu chumvi inakauka na kuwa vipande vidogo vikali ndani ya matundu na kulisaga kuwa unga. Mwisho wake saruji inabaki imechomoza yenyewe na jiwe limerudi nyuma. Kwa majengo ya aina hii mafundi wa Uskoti wa leo wanatumia chokaa.

Namna ya kufanya ni hii. Toa kiungo cha zamani kwa tindo jembamba na nyundo. Grenda iache, maana viungo vya mawe yaliyochongwa vizuri ni vyembamba na diski itakula kingo za jiwe, ambazo hazirudi. Saruji iliyoshika sana usiing'ang'anie. Kama kuitoa kutavunja jiwe, iache mpaka ilegee yenyewe. Ingia ndani angalau mara mbili ya upana wa kiungo, na isipungue milimita 25. Ukiweka kijichokaa cha juujuu kitadondoka msimu uleule.

Safisha vumbi kwa brashi, osha, kisha ukuta uwe na unyevu lakini maji yasisimame. Ukuta mkavu utafyonza maji yote ya mchanganyiko na chokaa haitashika. Kwa chokaa ya asili inayokamata kwa maji, ile ya daraja la 3.5, kipimo kinachotumika sana ni ndoo 1 ya chokaa kwa mbili na nusu za mchanga. Mchanga uwe mkali, wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, na chembe kubwa kabisa isizidi theluthi ya upana wa kiungo. Mchanga wa pwani usiutumie hata ukiwa umeoshwa na mvua. Chumvi iliyomo itaanza kulila jiwe tangu siku ya kwanza. Maji weka kidogo: ukiufinya mchanganyiko kwa kiganja ushikamane bila kuchuruzika.

Sukuma kwa nguvu kwa tabaka, usiache pengo nyuma. Usiupake juu ya uso wa jiwe. Ukianza kukaza, kiasi cha kidole gumba kuacha alama ndogo tu, ugonge kwa ncha za brashi ngumu. Kugonga huko kunafungua matundu na kuubana mchanganyiko usipasuke. Baada ya hapo kuna subira: tundika gunia lililolowa mbele ya ukuta na ulinyunyizie kwa muda usiopungua siku 7. Kule Uskoti wanaogopa baridi, hawajazi hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi joto 5, na kazi nyingi hufanywa kati ya Aprili na Septemba. Wewe adui yako ni jua na upepo wa kaskazi. Chokaa iliyokauka haraka haikomai. Ukiikwaruza kwa ukucha wiki ya pili inatoka unga. Fanya upande wenye kivuli na ulifuate jua linavyozunguka.

Jambo moja la mwisho kwako: rangi ya plastiki juu ya ukuta wa chokaa inafanya kosa lilelile la saruji. Paka chokaa.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kisumu. Nimesoma kwamba kiwanda cha Paisley kilikuwa na shule ya "nusu siku". Ilikuwaje?

Ni kweli, mwalimu. Kampuni ya Coats ilijenga Shule ya Nusu Siku ya Ferguslie mwaka 1887. Mtoto alifanya kazi kiwandani sehemu ya siku na sehemu nyingine akakaa darasani, kwa sababu sheria za viwanda zilikataza kumwajiri mtoto bila kumsomesha. Sheria za baadaye zikaufuta mpango huo. Jengo lipo, ni zuri mno kwa shule ya kiwanda, na sasa ni makazi.

Uzuri huo usitufumbe macho. Mtoto wa darasa la mchana alikuwa amesimama tangu alfajiri. Wasomaji wetu wanalifahamu jina la David Livingstone kwa sababu ya Ujiji, na kwa sababu ya Chuma na Susi walioubeba mwili wake hadi pwani. Yeye alianza kazi akiwa na miaka 10 kwenye kiwanda cha pamba cha Blantyre, upande wa pili wa Glasgow, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo ndipo akaenda shule ya usiku. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika. Gari la mashine linasogea mbele likivuta mamia ya nyuzi kwa pamoja. Mtoto anakimbia nalo, anainama, anashika ncha mbili, anazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka zishikane, na kuondoka kabla gari halijarudi. Mashine haisimamishwi.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi upande ulio bora kidogo, watajie New Lanark, kijiji cha viwanda vya pamba huko Uskoti, ambako mwenye viwanda Robert Owen alikataa kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 10 na mwaka 1816 akafungua taasisi ya elimu kijijini.

Bwana Mhariri, nipo mwaka wa pili wa sheria, Dar es Salaam. Kesi ya konokono kwenye chupa si ilitokea Paisley? Mgahawa upo?

Ilitokea hapohapo. Tarehe 26 Agosti 1928, Bi. May Donoghue alikuwa kwenye Mgahawa wa Wellmeadow. Alidai kwamba alikunywa kinywaji cha tangawizi, kisha konokono aliyeoza akatoka kwenye chupa, naye akaugua na kumshtaki mtengenezaji. Rafiki yake ndiye aliyekinunua, na kwa kuwa si yeye mnunuzi, Bi. Donoghue hakuwa na mkataba wa kudai. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, yaliyomo hayakuonekana. Mwaka 1932 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, likaamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho. Kama konokono alikuwemo kweli, haikuthibitishwa kamwe. Shauri lilimalizwa kwa maelewano. Mgahawa haupo tena.

Wapendwa, ninaishi Glasgow na watoto wangu. Nikija Paisley siku moja, nianzie wapi? Na nieleze hivi: uzi, kitu cha senti, uliwezaje kujenga majumba yote yale?

Tuanze na swali la pili. Shati moja la mikono mirefu linakula zaidi ya mita 100 za uzi. Kila cherehani iliyouzwa duniani ilikuwa mteja wa kila siku, na ushuru wa Marekani ulipopanda, Coats na Clark walijenga viwanda hukohuko, Coats Pawtucket na Clark Newark. Mwaka 1896 kampuni hizo mbili ziliungana na nyingine mbili, ikawa moja ya kampuni kubwa kabisa za viwanda duniani. Pale Paisley watu wapatao 10,000 walifanya kazi kwenye uzi katika siku za neema, wengi wao wasichana.

Familia mbili hizo zikashindana kwa mawe. George A. Clark aliacha pauni 20,000 kwenye wosia kwa ajili ya ukumbi, ndugu zake wakaongeza zilizobaki, na W. H. Lynn wa Belfast akauchora. Upande wa Coats, Sir Peter alitoa jumba la makumbusho na maktaba, lililofunguliwa 1871. Thomas alitoa kituo cha kutazamia nyota, 1883, na vyote viwili vilichorwa na John Honeyman. Baada ya kufa Thomas, familia yake ikajenga kanisa la kumbukumbu lenye mnara wa taji, 1894, kazi ya Hippolyte Blanc. Ni majumba ya fahari na mji una haki ya kujivunia. Lakini mpaka vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, pamba nyingi iliyoingia Uskoti ilichumwa na watumwa, na mtaji wa mwanzo ulitoka humo. Waambie watoto wako na hilo.

Kwa sababu hiyo tunashauri usianzie ukumbini. Panda treni Glasgow Central hadi Paisley Gilmour Street, safari ya kama robo saa, kisha tembea kuelekea Anchor Mills kando ya mto White Cart. Simameni kwenye maporomoko ya Hammills. Mto huu ndio ulioendesha magurudumu ya kwanza, na maji yake laini, yasiyo na madini mengi, ndiyo yaliyofaa kupausha na kutia rangi. Maji magumu hufanya sabuni igande kwenye uzi na rangi ififie. Hapo karibu, Seedhill, ndipo akina Clark walipofungua kiwanda chao mwaka 1812, baada ya Patrick Clark kutengeneza uzi wa pamba ulio laini kiasi cha kuchukua nafasi ya hariri kwenye vitanda vya mfumi, wakati vita vya Napoleon vilipozuia hariri kuingia. Uzi wa kuzungushiwa kijiti cha mbao ulilipiwa nusu peni zaidi, na mteja alirudishiwa akileta kijiti kitupu.

Makumbusho ya uzi ndani ya Mile End yanaendeshwa na wenyeji wanaojitolea na hufunguliwa saa chache tu kwa wiki. Uliza kabla hujatoka nyumbani. Jumba kuu la makumbusho lilifungwa 2018 kwa ukarabati mkubwa, nalo ulizia kwanza. Nyumba za wafumaji za Sma' Shot usizikose: chumba cha kitanda cha mfumi kina sakafu ya udongo, kwa sababu kitani kinataka hewa yenye unyevu, na mtande ukikauka unakatika. Ukumbi wa mji ulifunguliwa tena 2023 baada ya kukarabatiwa. Ukitaka kuingia sehemu ambazo kwa kawaida zimefungwa, njoo Septemba, katika siku ambazo majengo ya kihistoria ya Uskoti hufungua milango yake bure.

Vaeni viatu visivyopitisha maji. Paisley mvua haiulizi mwezi.